Marlis Kangas na Aya Mbili Alizoziondoa

Marehemu Marlis Kangas alizaliwa Hancock, Michigan, tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa Arvo na Helmi Heikkinen. Alimaliza sekondari hapa hapa mwaka 1979, akaingia duka la mikate, akaoka nisu, mkate mtamu wa Kifini wenye iliki, hadi alipostaafu. Mwaka 1984 alifunga ndoa na Duane Kangas, wakajaliwa binti, Kirsti.

Marlis alitaka kuandika, kwa hiyo hakusoma kwa kujistarehesha. Alinunua vitabu vilivyoondolewa maktaba, akakata hadithi kwa mkasi aya baada ya aya, akazichanganya sakafuni, kisha akazipanga hadi aelewe kwa nini mwandishi alitanguliza hii akaichelewesha ile. Duane akirudi hana pa kukanyaga.

"Mke wangu, wenzio husoma vitabu, wewe unavichinja!"

"Ruka huko, baba. Umesimama juu ya harusi ya watu."

Riwaya yake mwenyewe ilimchukua miaka. Ilipobaki sura ya mwisho, moyo ukamlaza hospitali. Jioni ya tarehe 11 Februari 2024, kesho yake akingojewa na upasuaji, alimkabidhi mdogo wake, Raili, sura hiyo ikiwa vipande vipande.

"Panga."

"Dada, pumzika kwanza."

"Nitapumzika nikishajua kama inasimama. Wewe hujaisoma, ndiyo maana nakutaka."

Raili akapanga juu ya blanketi, Marlis akimkodolea macho kama anayemchunga mwizi. Kila aya ilipata mahali pake isipokuwa mbili, zilizoeleza kifo cha mama yao. Zilikuwa tamu kuliko zote. Raili alizisoma akalia. Akazijaribu mwanzoni, katikati, mwishoni. Hadithi ikazikataa.

"Hizo zinakaa wapi?"

"Popote, dada. Ni nzuri mno."

"Usinibembeleze, Raili! Nitaingia huko ndani na uongo wako? Zina mahali au hazina?"

Raili alijua kwamba huenda hilo likawa neno lake la mwisho kwa dada yake.

"Hazina."

Marlis akazitazama zile mbili. Muuguzi akaingia, akapima presha, akatoka.

"Haya, zitoe. Nisomee zilizobaki."

Akasomewa hadi mwisho. "Sasa imesimama," akasema, akaomba chai.

Alifariki asubuhi yake, tarehe 12 Februari, akiwa katika upasuaji.

Jamaa wameomba aya zile mbili zisomwe hapa leo. Raili amekataa, na atakayenuna anune. Marehemu mwenyewe aliziondoa akiwa na akili zake timamu.

Ameacha mume, Duane, binti, Kirsti, mdogo wake, Raili, na kitabu kilichokamilika. Mungu ampokee na kumpumzisha. Kazi yake aliimaliza.