Ng'ombe wa Picha Namba Nne

Mimi nimechoka kuulizwa habari hii. Mtu hajashika kikombe vizuri, ameanza: Dani, hebu tuambie ile ya picha. Kwani nyinyi hamna dani kwenu, nyanya wa kusumbua? Shule niliacha darasa la tatu, baba alipoona mbuzi wananihitaji kuliko vitabu. Mambo ya picha si yangu, yangu ni kahawa. Lakini Spika akiisimulia yeye, anatokea kuwa ndiye aliyekuwa na akili siku hiyo. Basi afadhali niseme mwenyewe, mara moja, halafu mninyamazie.

Kijiwe chetu ni benchi la kanisa lililotupwa baada ya kuvunjika mgongo. Tumeliegemeza ukuta wa mashine ya kusaga unga hapa Migori, pale malori ya tumbaku yanapopunguza mwendo. Jiko langu liko upande mmoja, cherehani ya Mayaka upande wa pili. Mayaka tunamwita Sentimita, kwa sababu haijawahi kutokea suruali yake ikamtosha mwenyewe aliyeishonesha. Ni Msabato, na kanisa lao halitaki kahawa, kwa hivyo anakunywa kila siku na kuiita dawa ya kifua. Katikati hukaa Bogonko, ndiye Spika. Alikuwa mkalimani kortini, na mpaka leo mtu akikohoa yeye anatafsiri. Mwisho wa benchi ni Ryoba, Mkuria, tunamwita Daktari. Kazi yake ilikuwa kusukuma ng'ombe waingie kwenye josho. Sindano hajawahi kushika, lakini jina likishaota mizizi utaling'oa na nini? Hiyo ilikuwa Ijumaa moja ya Novemba, mwaka wa tisini na sita, kabla ya ile mvua ya El Nino kutusomba.

Dolphine akaja na bahasha. Huyo ni msichana wa Lambwe, alikuwa amepanga chumba nyuma ya nyumba yangu, anasomea kupiga picha kwenye chuo kidogo cha ufundi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa kuna msiba lakini hajaambiwa ni wa nani. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha sita. Jumatatu Mwalimu Nyamweya angezikagua, na kati ya wanafunzi kumi na wawili angebakisha watano waingie mwaka wa pili. Wengine warudi makwao. Kwao Dolphine, mjomba alikuwa ameshamwekea jembe nyuma ya mlango.

Sasa, mwalimu huyo alikuwa na utaratibu wake. Kabla picha hazijafika kwake, mwenzako wa darasa azitazame, aandike kasoro ya rangi na kasoro ya mpangilio, ili urekebishe. Za Dolphine zilipelekwa kwa Javan, namba moja wa darasa. Karatasi ilikuwa imerudi, na ilikuwa kwa Kiingereza. Spika akavaa miwani.

Spika: Tulieni. “Picha namba nne. Rangi: kijani imezidi, inammeza ng'ombe. Mpangilio: ng'ombe amekatwa miguu ya nyuma. Upande wa kulia hauna kazi, ukatwe.”

Tukaitoa namba nne. Ilikuwa hivi: mama amesimama uani, anapepeta mtama. Amevaa gauni la manjano, na nyuma yake kuna ukuta wa udongo mwekundu. Ungo uko juu, makapi yanaruka kwenda kulia, yote yameshikwa na jua. Basi. Kijani iliyokuwemo ni jani moja la sukuma wiki, limeanguka karibu na mguu wake.

Dolphine: Lakini mzee, mimi sikupiga ng'ombe.

Spika: Ukipiga picha unafunga jicho moja?

Dolphine: Ndiyo.

Spika: Basi. Hilo ulilofunga ndilo lilikuwa upande wa ng'ombe.

Sentimita: Kijana ni namba moja. Ameandika, ameweka sahihi. Mtu kama huyo hawezi kutoa ng'ombe hewani.

Daktari: Lete hapa. Ng'ombe ni kazi yangu.

Akaiweka picha karibu na pua, kama anayenusa maziwa.

Daktari: Iko.

Dolphine: Iko wapi?

Daktari: Hii si ukuta, nyathina, mtoto wangu. Hii ni ubavu. Ng'ombe nyekundu, amesimama karibu mpaka akajaza picha. Ona chapa yake hii.

Sentimita: Hiyo ni ufa, omera, ndugu yangu.

Spika: Haa! Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuna ufa, kwa hivyo kuna ukuta. Kuna ukuta, kwa hivyo kuna kitu nyuma yake. Hicho kitu ni nini kama si ng'ombe?

Daktari: Na miguu?

Spika: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ng'ombe aliambiwa asimame vizuri, hakusikia.

Sentimita: Ngoja, ngoja. Na ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia wapi?

Spika: Zizini.

Sentimita: Si ndiyo hiyo! Alivunjika, akakimbilia zizini, mama akabaki peke yake kwenye picha.

Wakatazamana. Nyinyi mnacheka, lakini mngekuwa hapo mngekubali. Mimi mwenyewe nilisema naona pembe. Macho yangu ya karibu yalikuwa yameshakufa, na kitu nilichokiona kilikuwa ukingo wa ungo. Lakini mtu akiandika kwa Kiingereza, hata kipofu anaona pembe.

Spika: Tena filamu ilipelekwa Kisii kuoshwa, kwa gari. Barabara ile ni mashimo matupu. Ng'ombe ana kilo mia tatu, mama ana hamsini. Nani ataanguka njiani?

Sentimita: Wewe hujui mambo ya negativu. Kule ndani nyeusi ni nyeupe, nyeupe ni nyeusi, kila kitu ni kinyume. Ng'ombe akiingia kwenye negativu, anatoka mama.

Mimi: We Mayaka! Mama mzima wa watu unamwita kinyume cha ng'ombe? Rudisha kikombe changu.

Hapo Daktari alicheka mpaka akamwaga kahawa. Dolphine hakucheka. Alikuwa anaangalia karatasi, halafu picha, halafu karatasi. Mwisho akasema taratibu:

Dolphine: Javan anajua kuliko mimi. Ikiwa yeye anamwona na mimi simwoni, basi macho yangu ndiyo mabovu. Fundi, kata huo upande wa kulia.

Mtu akiogopa kurudi nyumbani, ataamini hata ng'ombe asiyekuwepo.

Sentimita akafurahi, maana ni mara chache mtu kumwomba akate. Akachukua mkasi wake mkubwa, akaja kwenye ubao wangu wa vikombe, akapima kwa kidole, akafumba jicho moja, akakata. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikata mstari ulionyooka. Kile kipande kikateleza kwenye ubao, kikaangukia kwenye jiko langu. Kikajikunja, kikatoa moshi mchungu, kikaisha.

Tukaitazama picha. Mama amebaki ameshika ungo juu, kama mtu anayeuliza mbingu mvua iko wapi. Makapi yote yalikuwa yamekwenda na moto.

Pembeni alikuwepo mama mmoja wa ndizi, Nyasuguta, mgeni kwetu, akingoja gari la kwenda Isebania. Alikuwa kwenye kikombe cha pili na hajatia neno. Akaweka kikombe chini.

Nyasuguta: Samahani wazee. Huyo aliyeandika, alizitazama?

Spika akavua miwani, akaifuta, akaivaa, kana kwamba jibu lilikuwa limebaki kwenye kioo. Daktari akaanza kutafuta kitu chini ya benchi. Sentimita akameza dawa yake ya kifua kwa mkupuo, akaungua.

Dolphine akainua bahasha. Kumbe alipoipeleka kwa Javan alikuwa ameifunga kwa uzi, fundo lile la kwao la kufungia gunia la mtama. Karatasi ya Javan ilirudi imebanwa juu kwa pini. Uzi aliufungua yeye mwenyewe asubuhi hiyo, na fundo lilikuwa lake lile lile.

Dolphine: Hakufungua.

Alisema hivyo tu. Angelia ningemwambia anyamaze, kwa hivyo nashukuru hakulia.

Daktari: Si utaosha nyingine?

Dolphine: Negativu zililowa, mzee, zikagandana. Mvua ya juzi, chumbani.

Wote wakanigeukia. Ndiyo, paa ni langu. Na jiko ni langu. Niliwaambia wageuze shingo zao kabla sijazigeuza mimi.

Spika, anayependa sana kuita watu shaurini, alimtuma Daktari uwanjani akamlete Javan. Javan akaja na jasho la mpira, akitabasamu, mpaka alipoona ile picha. Tabasamu likaanguka.

Javan: Nani amekata hii?

Sentimita: Wewe.

Javan: Mimi? Fundi, wacha jokes.

Spika akamsomea karatasi, sauti ya kortini kabisa. Kijana akashika kichwa.

Javan: Maze. Hiyo ni ya Stanley, mwenzetu wa darasa. Stanley ndiye alipiga ng'ombe. Nilikuwa na za watu wawili, nikaandika za Stanley, halafu... nikanakili. Nikabadilisha jina.

Dolphine: Kwa nini, Javan?

Javan: Kwa sababu wewe hupiga vizuri! Nilijua hazina makosa. Na nisipoandika kitu, mwalimu atasema sikufanya kazi. Aki Dolphine, sikudhani ungekata. Kwani hukuona hakuna ng'ombe?

Dolphine: Nilikuamini wewe kuliko picha.

Nimeona watu wakipigwa makofi hapa kijiweni, lakini kofi kama hilo sijaona. Kijana alikaa chini kwenye udongo, nafasi ikiwepo kwenye benchi.

Wale wazee walitaka kumtoza jogoo. Nikawaambia jogoo atawaingia nyinyi tumboni, Dolphine atapata nini, manyoya? Nikamwambia Javan asimame, akae karibu yangu. Macho yangu hayaoni karibu, nikamwambia, na mimi nataka kuziona hizi picha sita. Niambie kila kilichomo, pembe hadi pembe. Ukiruka kitu, unaanza upya.

Alianza upya mara tatu kwa namba moja pekee. Alifikiri ni mchezo. Kwa namba mbili akapunguza mwendo.

Javan: Mzee amekaa mlangoni, anasuka kamba. Shati la bluu iliyopauka. Mlango nyuma yake ni mweusi. Uso wake uko... Dani, kwa kona kuna karai nyekundu.

Mimi: Ina nini?

Javan: Inanivuta. Kila nikitaka kumtazama mzee, jicho linakimbilia karai. Dolphine, ungeisogeza tu. Ama ungehama wewe hatua moja.

Dolphine: Sikuiona hiyo.

Javan: Na hapa namba tano. Terry wa chuoni anacheka vizuri, lakini nguzo ya stima imeota kichwani kwake. Ungepiga magoti, ingetoka.

Dolphine: Na rangi?

Javan: Rangi hapa ni nzuri. Ulingoja jua lishuke?

Dolphine: Nilingoja mpaka Terry akanitukana.

Basi wakaendelea, yeye akisema, yule akijibu, na wale wazee wangu watatu wakinyoosha shingo kama bata. Hata Nyasuguta alisogea, gari la Isebania likapiga honi, likampita. Kijana alikuwa na macho, nawaambia ukweli. Alikuwa mvivu wa kuyafungua tu.

Akafika namba nne. Akapitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa.

Javan: Hapa kulikuwa na nini, upande huu?

Dolphine: Makapi.

Javan: Yanaruka?

Dolphine: Yanaruka. Niliacha ile nafasi makusudi, yapate pa kwenda. Manjano ya gauni, halafu manjano ya makapi, mpaka mwisho wa picha.

Javan: Ndiyo sababu sasa mama amekwama. Mikono iko juu na upepo hauna pa kwenda. Dolphine, hii ndiyo ilikuwa ya kukupitisha.

Dolphine: Najua.

Aliandika karatasi mpya hapo hapo juu ya cherehani, ukurasa mzima. Jumatatu akaipeleka kwa mwalimu yeye mwenyewe, pamoja na ile ya uongo, na chini ya ile ya uongo alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: SIKUTAZAMA. Hakuna aliyemtuma.

Mwalimu Nyamweya alisoma zote mbili, akazitazama zile picha tano nzima na ile moja iliyokatwa. Akasema Dolphine ataingia mwaka wa pili akileta picha ya sita kabla ya shule kufunguliwa Januari. Akipata kamera. Na chuo kizima kilikuwa na kamera moja, inakwenda kwa zamu, mwezi huu kwako, mwezi ujao kwa mwingine. Zamu ya Dolphine ilikuwa imeisha. Ya Desemba ilikuwa ya Javan, na alikuwa ameshaahidi arusi tatu Oyugis na ubatizo mmoja Homa Bay. Watu walikuwa wameshashona nguo za sherehe hizo.

Mwalimu hakumwambia atoe. Hata Dolphine hakuomba. Javan alimletea kamera hapa kwangu, imefungwa kwa kitambaa cha kichwa cha mamake, na filamu mpya ndani. Kisha akaenda Oyugis yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kuwaambia maharusi kwamba hatakuja. Bibi arusi mmoja alimrushia kiatu. Krismasi ile, Dolphine akiwa Lambwe na kamera, anangoja upepo wa kurusha makapi, Javan alikuwa uani kwa babake anapukuchua mahindi, anasikia magari ya arusi yakipita yakipiga honi, na kila moja lilikuwa na mpiga picha mwingine dirishani.