Nani Atarithi Meno Yangu

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba hii, wanangu, ni kwamba mama yenu aliniambia nifungue mdomo. Ilikuwa Jumatano, tumemaliza chakula cha mchana, nami nikalalamika kwamba meno mapya aliyonitengenezea yananichoma fizi upande wa kushoto, chini, karibu na gego la mwisho. Akaingiza kidole, akapapasa, akauliza, "Hapa?" Nikasema, "Hapo hapo." Akasema, "Miaka arobaini na moja ya ndoa, leo ndiyo mara ya kwanza unalalamika ukaeleweka." Akayatoa, akaenda nayo kwenye chumba chake cha kazi, akaniamuru nisiongee mpaka arudi, amri ambayo kibogoyo haimpi shida. Nikamsikia akipiga tupa mara tano, mara sita. Kisha sikusikia tena. Nilisubiri robo saa, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisubiri.

Mengine mnayajua. Moyo wake ulisimama, tupa ikiwa mkono wa kulia na meno yangu mkono wa kushoto.

Sasa tegeni masikio, maana pumzi zangu ni za kuhesabu, na daktari ameacha kunitania. Daktari akiacha utani, mgonjwa ajiandae. Wewe kifungua mimba, unayefunga tai hata Jumapili, kaa upande wa dirisha. Wewe kitinda mimba, binti yangu msanii, simu hiyo iweke mezani, usinisogezee puani. Rekodi ukitaka, lakini haya si maonyesho. Nyumba ni yenu nusu kwa nusu. Kiwanja nimekipima mwenyewe mara tatu, na jirani akiwaambia kwamba ule mpapai ni wake, muonyesheni kigingi, kisha mpeni mapapai mawili aende. Hayo ndiyo mepesi.

Nimekuwa mpima ardhi miaka thelathini na minane. Nimesimama katikati ya ndugu wa tumbo moja walioshikana mashati kwa ajili ya hatua mbili za udongo usioota hata magugu, na kila mara nilijisemea moyoni kwamba wangu hawatafika huko. Kweli hamkufika huko, mmepita. Jumapili mlisimama barazani, mkidhani nimelala, mkagombania meno yangu, nami nikiwa nimeyavaa.

"Baba hazikwi kibogoyo," ulisema wewe kifungua mimba. "Watu waje kumuaga mashavu yamebonyea kama mfuko mtupu?"

"Yale meno ndiyo kazi ya mwisho ya mama," akajibu mdogo wako. "Ukiyafukia, umemfukia mara ya pili."

"Kwa hiyo uyatundike ukutani, wapita njia wapige nayo picha."

"Watazamaji, kaka. Wanaitwa watazamaji."

"Iko siku utanitundika na mimi."

"Wewe? Nani akutazame?"

Hapo ilibidi nijifanye nakohoa. Wazee walisema meno ya mbwa hayaumani, lakini juu ya meno ya bandia hawakutuachia neno, ndiyo maana leo inanibidi niseme mimi.

Mama yenu alitengeneza meno ya watu tangu hamjazaliwa. Kila kinywa alichokipima alikitolea nakala ya jasi, ile plasta nyeupe, akaifungia karatasi yenye jina na tarehe, akaiweka kwenye boksi la viatu. Akisikia mtu akisema jino la pembe si dawa ya pengo, alijibu, "La pembe silijui. La kwangu litatafuna." Alijua vinywa vya mtaa mzima, na siri ya mtu haikupita kinywani mwake. Wewe kifungua mimba, shuleni uliwaambia wenzako mama ni daktari. Alikuwa anajua. Aliniambia, "Mwache. Daktari anang'oa, mimi narudisha."

Alipoondoka, wewe kitinda mimba ukafungua yale maboksi. Nakiri kwamba nilidharau. Niliona siku hizi kila msanii kijana anawafukua wazazi wake: mwenzako mmoja ametundika mito ya bibi yake, mafuta ya nywele yakiwa bado yamo, mwingine alirekodi mkoromo wa vizazi vitatu na watu wakanunua tiketi kwenda kuusikiliza, wakati mimi nimeusikia wa baba yangu bure na sikuufurahia. Nilikuja kwenye ukumbi wako nikiwa nimejiandaa kutoelewa. Nikakuta ukutani vinywa kumi na tisa vya ukoo wetu, vizazi vinne, kila kimoja na taa yake ndogo, na katikati nafasi tupu, kwa kuwa kinyozi hajinyoi na mama yenu hakupata kujipima kinywa chake. Nikaona jino la mbele la dada yangu lilivyopinda, kwenu wawili halipo, kisha nikalikuta kwa mjukuu wangu, limepinda vile vile, kama kigingi cha mpaka kilichofukiwa miaka mingi ambacho mvua imekifunua. Mwanangu, kumbe kazi yetu ni moja, tunatafuta vigingi vya watu waliokufa, na mimi nilikuwa nakuuliza lini utapata kazi.

Lakini aliyezoea kupima hawezi kufa na kipimo cha uongo. Kile kinywa ulichokiweka juu kabisa, ukakiandikia "Babu", si cha babu yako. Ni cha muuza nyama wa sokoni, aliyekuja kupimwa, akahama mji, hakurudi kuchukua meno yake. Karatasi yake ilidondoka, nawe ukakisia. Ukaandika ukurasa mzima jinsi taya lako lilivyotoka kwake, mpaka mama mmoja asiyetujua akatoa leso. Na kabla wewe kifungua mimba hujakohoa kile kikohozi chako: muuza nyama alihamia hapa huyu dada yako akiwa na miaka ishirini na minne. Mpaka haukuvukwa.

Kwa nini sikusema palepale? Kwa sababu ya shangazi yenu. Dada yangu alisimama mbele ya muuza nyama, akajifuta macho, akasema, "Huyu ndiye baba. Hata ule ukali wake unauona." Ningemwambiaje? Nikasema, "Kweli, dada." Basi akasogea hatua tatu, akajikuta yeye mwenyewe, msichana wa miaka kumi na tisa, meno yamebanana kama watu kwenye foleni, na mwanya hakuna. Mnaujua ule mwanya. Ametuimbia maisha yake yote kwamba ni mwanya wa damu, kwamba mume aliyemfuata na gari aliufuata mwanya. Mama yenu ndiye aliyeuchonga kwa tupa, mchana mmoja, baada ya kubembelezwa wiki nzima, akaapa kwamba hatamwambia mtu. Hakuniambia hata mimi. Ni jasi iliyosema. Dada yangu akatazama, akasema, "Hiki si kinywa changu," akatoka, na huu ni mwezi wa kumi na nne hajakanyaga hapa.

Basi fanyeni hivi. Kinywa cha shangazi kishusheni, mkipeleke kwake, ninyi wawili pamoja, pamoja na nyundo. Mwekeeni vyote viwili mezani, msiseme neno, muacheni achague. Mkimkuta amefungua mdomo kuwatukana, mshukuruni Mungu, maana amefungua. Muuza nyama naye ondoa. Babu yenu halisi alikataa katakata kupimwa na mkaza mwanawe, akafa na meno yake yote thelathini na mawili na midomo imekazwa. Pale juu acha patupu, uandike: "Alikataa kufungua kinywa." Hiyo ndiyo picha yake iliyo sahihi kuliko zote, hata ile ya pasipoti haimfikii.

Sasa meno yangu. Nipeni maji kwanza. Kidogo. Basi.

Nimeyavaa miaka sita, na miaka yote sita yananichoma pale pale, kushoto, chini. Hakuwahi kumaliza. Mafundi wawili, wanafunzi wake, wamekuja hapa na tupa zao, wakaniomba waniondolee maumivu kwa dakika mbili tu, nami nikawapa chai nikawarudisha. Mlidhani ni ukaidi. Ni kwamba pale ndipo mkono wake ulipoishia. Kwa hiyo siwezi kuwadanganya: nilitaka kuzikwa nayo, na Jumapili nilikuwa upande wako, kifungua mimba, ingawa si kwa sababu ya mashavu.

Lakini mama yenu aliulizwa swali hili na wafiwa wengi, na jibu lake halikubadilika: "Marehemu hatafuni, ila anatazamwa. Mvisheni mpaka aagwe, kisha yatoeni." Mimi ni nani hata nimpinge kwenye kazi yake?

Kwa hiyo nitaagwa nikiwa na mashavu yangu. Watu wakishatoka, kifungua mimba, utabaki na mimi, na utayatoa wewe, kwa mkono wako. Usivae glavu. Weka kidole gumba kwenye meno ya mbele, cha shahada nyuma ya gego. Sukuma kwanza ndipo uvute. Ukianza kwa kuvuta yatakataa. Najua utasikia kichefuchefu. Mama yako aliingiza mikono yake katika vinywa vya watu ili wewe uvae hizo tai, na sitaki urithi mikono yake ukutani tu. Yaoshe kwa maji baridi. Ya moto huyapinda. Umkabidhi mdogo wako mkononi.

Nawe kitinda mimba, yaweke kwenye ile nafasi ya katikati. Asiyasugue mtu. Asiyang'arishe mtu. Chini yake usiandike urithi, usiandike kumbukumbu, maneno hayo yamechoka kuliko mimi. Andika: "Kushoto, chini, haijamalizika." Kisha uzime taa yake jioni kama za wengine.

Nimechoka. Acheni niyavue sasa, yananielemea. Mtanisikia kama redio iliyolowa, lakini sogeeni.

Mpendane kwa sauti. Mkigombana, mgombane mbele ya mtu aliye macho. Mungu awape chakula, na meno ya kukilia, na wa kula naye. Mikono yangu haifiki vichwani mwenu, inameni ninyi. Hivyo. Hivyo.

Bado moja. Sijapata kumsimulia mtu.

Ile Jumatano jioni nyumba ilijaa watu. Nilikaa na leso mdomoni, wakasema, mtazameni, analia kimya kimya kama msomi. Nilikuwa nalia, ndiyo. Lakini leso ilikuwa ya pengo.

Asubuhi yake, mkiwa bado mmelala, niliingia chumbani kwake. Nikayaosha haya. Nikayavaa. Mezani palikuwa na boksi moja, limefungwa, mwandiko wake juu: bibi mstaafu wa posta, apewe Alhamisi asubuhi. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Jumamosi. Nikatazama kalenda. Ilikuwa Alhamisi.

Nikavaa koti. Mitaa minne. Nilikwenda taratibu.

Bibi alifungua mlango kafunika mdomo kwa kiganja. Habari ilikuwa haijamfikia. Akalichukua boksi, akaenda kwenye kioo, akanipa mgongo. Kisha akageuka, akatabasamu, na nilimuona akiwa na miaka thelathini.

Akasema, "Fundi hajambo? Mbona hakuja mwenyewe?"

Nikamwambia, "Amesema usitafune vitu vigumu kwa siku tatu."