Pointi Zote kwenye Bahati

Ndani ya Noah ya abiria kutoka Segese kwenda Kahama, Violeth aliketi katikati ya vijana wawili wasiojuana, na simu ya Valerian ikawa mali ya watu watatu. “Mhusika wangu wa gemu nimemjaza pointi zote kwenye bahati,” Valerian alisema. “Mimi mchimbaji, kaka. Ukiingia duarani kutafuta dhahabu bila bahati unatoka na mawe.”

Benjamini, yule kijana wa pili, naye mchezaji wa gemu hilohilo la mtandaoni, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. “Kwa hiyo zimwi likija unalitakia heri?”

“Nakufa wa kwanza! Wenzangu wananifufua, hawajanifukuza hata siku moja. Sasa nataka nimpange upya awe mganga, na mimi niwaponye. Ila kupanga upya ni mara moja tu.”

“Usithubutu! Bahati yako ndiyo inayowaokotea silaha. Unadhani wanakupendea sura?”

“Hata kama. Wamenibeba sana, ndugu yangu.”

Violeth hakujua gemu, ila kubebwa alikujua. “We baba, hao wenzako umewauliza?”

Valerian akalipigia kundi lake la gemu. Noah ikaingia stendi, Valerian akashuka simu ikiwa sikioni. “Haloo, wazee? Kabla ya yote, asanteni.”