Gimbi la Sumaia Kwenye Ndoo

Asubuhi hiyo kijiweni Quionga, kusini mwa mto Ruvuma, dele la kahawa la Bi Mastura lilishachemka, na gumzo lilikuwa moja tu: gimbi la mjukuu wake. Sumaia alimfuata mume aliyepelekwa na watu wa kampuni ya gesi kusoma huko Ulaya kwenye baridi, akaondoka na kichwa cha gimbi kutoka bondeni kwa bibi yake, kakifunga kwenye kanga. Sasa kapiga simu. Kakipanda kwenye ndoo, jani limetoka dogo kama sikio la panya, likajikunja. Na bondeni kwenyewe watu wa gesi walishachomeka vigingi. Gimbi lile, jekundu kwa ndani, lisilowasha, Bi Mastura alipewa mkononi na mama yake, na hakupata kuliona kwa mtu mwingine. Likifa kule, na huku bonde likichukuliwa, mbegu imekwisha.

Basi kijiwe kikashika kazi. Ossufo, waliyemwita Injinyeru, yaani injinia, kwa kuwa aliwahi kuwabebea wapimaji fito, alisema kosa ni ndoo. Gimbi linataka kujinyoosha, litafutiwe pipa. Nurdine Jeleira, aliyeuza barafu mjini Mocímboa mpaka ikampa jina hilo la jokofu, alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Pipa la nini? Baridi mimi ndiye naijua. Inaingilia chini. Ndoo aipandishe mezani.

— Na wao wale wapi? akauliza Injinyeru.

— Wale chini, kama sisi.

Injinyeru akaona anazidiwa, akapanda juu zaidi: limwagiwe maji ya moto kidogo kidogo, lidhani liko nyumbani. Jeleira akasema maji hayatoshi, ndoo ilale kitandani, katikati, ifunikwe blanketi.

— Na mume? akauliza Bi Mastura.

— Si anasomeshwa na kampuni? Atavumilia.

Bi Mastura alicheka, lakini yote aliyashika ili amwambie Sumaia. Wawili hawa hawajawahi kushindwa na jambo wakiwa wamekaa.

Pembeni alikuwapo Muzamil, mfanyabiashara aliyevuka Ruvuma alfajiri, ndiyo kwanza anakaa pale. Alimaliza kikombe chake taratibu.

— Samahani, bibi. Hapa penye joto, umelipanda kwenye ndoo gani?

Injinyeru akakohoa, akaeleza kwamba vigingi vikishaingia, watu wameambiwa wasipande kitu kipya, hakitahesabiwa kwenye fidia.

— Shambani, sawa. Ndoo nayo ni shamba? akauliza Muzamil.

Jeleira akachungulia ndani ya kikombe chake kama aliyeangusha kitu. Injinyeru akanyoosha chake aongezewe. Bi Mastura akainamisha dele, likatoa tope tupu. Akaliweka chini, akanyanyua ndoo ya kuoshea vikombe, akamwaga maji yake barabarani, akashika njia ya bondeni.

— Bibi, na vikombe? akauliza Jeleira.

Hakugeuka.

— Injinyeru, wewe uliyebeba fito, njoo na jembe.