Tabasamu Alilolichora Mama Taa

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia naomba mnipe masikio, niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Taa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1938, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, akasoma shule ya msingi kuanzia 1946 hadi 1953, ambako mwalimu alimnyang'anya chaki mara mbili kwa kuwa alimchora mwalimu huyo ubaoni, tena picha ikafanana naye. Mwaka 1954 mjomba wake mpiga picha alimfundisha kazi ya kusafisha picha katika chumba cha giza, na alituambia kuwa siku ya kwanza kuona uso ukijitokeza taratibu kwenye karatasi tupu, ndani ya beseni la dawa, chini ya taa nyekundu, alidhani anaota, na hakuwa na haraka ya kuamka.

Vita vilipoanza, Juni 1961, aliajiriwa na gazeti la serikali, katika chumba kisicho na dirisha, ambako kwa brashi nyembamba alifuta moshi kwenye picha za vita, akaongeza askari walipoonekana wachache, akawaondoa waliolala chini wasiamke tena. Tarehe 17 Januari 1963 mhariri alimletea picha ya vijana wakipakiwa kwenye lori, akaagiza kijana aliye mbele, aliyekuwa akilia, aonekane anacheka, naye marehemu akamchorea tabasamu, likatoka ukurasa wa kwanza.

Tarehe 3 Oktoba 1964, vita vikiwa vimekwisha, alifika gazetini mama mmoja na kipande chenye picha ile, kilichochakaa kwa kukunjwa, akimtafuta mwanawe, kwani aliyeondoka akicheka hivyo, alisema, lazima yuko mahali salama. Wenzake walimkonyeza anyamaze, lakini marehemu akamwambia, "Mama, tabasamu hili nilimchorea mimi."

Yule mama akauliza, "Kwani mwenyewe alikuwaje?"

Marehemu alikuwa ameficha filamu zote za asili ndani ya makopo ya maziwa, akamwingiza chumbani, wakainamia beseni bega kwa bega, kama watu wanaochungulia kisima, hadi uso wa kijana ukajitokeza na machozi yake, na mama yule akasema, "Huyo ndiye wangu."

Kesho yake marehemu alifukuzwa kazi, akaondoka na makopo kwenye kikapu cha nguo chafu, na kwa miaka thelathini na moja aliwatafuta jamaa wa wale waliopigwa picha, akiwarudishia nyuso za watu wao.

Tarehe 12 Agosti 1966 aliolewa na mpiga chapa, ambaye daima alikataa kupigwa picha na mkewe, akidai ataongezewa nywele asizojaliwa, wakapata watoto wawili, na wajukuu watano.

Mwaka 2008 macho yake yalianza kufifia, kisha akaugua kifua, na katika wiki zake za mwisho alitupapasa nyuso mmoja mmoja, polepole, akisema, "Nimekuona." Alifariki tarehe 6 Novemba 2011, saa nne asubuhi, nyumbani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, wapiga picha wenzake, na ninyi mliofika leo kutoka mbali, ambao hatuwajui kwa sura, kila mmoja ameshika picha ya mtu wake.

Mama, kazi umeimaliza, pumzika kwa amani.