Historia ya Mwalimu Halafu, Kama Ilivyosomwa na Mdogo Wake Fundi Cherehani

Ndugu zetu, majirani, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani ambao baadhi yenu sasa mna mvi kunishinda mimi, na ninyi wasomaji mliotoka mbali ingawa mlimjua vitabuni tu, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni mdogo wa marehemu, wa tumbo moja, kazi yangu ni ushonaji, na kusoma mbele za watu si fani yangu, kwa hiyo nikikwama mnivumilie. Dada alimwachia shemeji agizo moja tu, kwamba historia hii niisome mimi na si mwingine, na wengi mlishangaa, kwa kuwa mnajua tulivyokuwa, na mnajua pia kwa nini kaburi lake limechimbwa kule kwenye uzio, mbali na mama yetu, hali pembeni ya mama pana nafasi. Wazee wa ukoo walikaa juzi wakaamua hivyo, nami nilikuwepo, nikanyamaza.

Marehemu alizaliwa asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1948, mvua ikinyesha, akiwa mtoto wa kwanza wa baba aliyekuwa karani wa stesheni ya reli na mama aliyefua na kupiga pasi nguo za watu, mimi nikafuata miaka minne baadaye. Tulikulia katika vyumba viwili nyuma ya stesheni, ambako treni ikipita kila kitu kilitetemeka, vikombe, picha ukutani, hata maji kwenye beseni, na dada alikuwa na mazoea ya kusimama dirishani, kidevu juu ya mikono, akinisimulia kila abiria anakwenda wapi na amemkimbia nani. Mimi mjinga nikaamini yote, na mpaka leo yupo bwana mmoja wa kofia ya kijivu ninayemwonea huruma, wala sijui hata alikuwa nani.

Alianza shule ya msingi Januari 1955, akamaliza sekondari Novemba 1966, kisha akasoma chuo cha ualimu tangu 1967 hadi 1969, akafaulu masomo yote isipokuwa ushonaji, jambo ambalo shemeji alitaka nilifute na mimi nimekataa.

Alianza kazi Jumatatu tarehe 12 Januari 1970, katika darasa la mwisho la baraza refu, lenye dirisha lisilofungika, ambamo vumbi la chaki lilielea kwenye mwanga wa mchana kama vile halina haraka ya kutua, na hapo hapo alifundisha miaka thelathini na tatu, hadi alipostaafu mwaka 2003. Akisahihisha insha hakuanza na alama, aliandika chini neno moja, Halafu?, na mtoto alitakiwa kurudi kesho yake na kilichofuata, wengine wakaendelea wiki tatu, hadi ng'ombe aliyepotea kwenye insha ya ukurasa mmoja akawa amekwisha kuzaa mara mbili, ndiyo maana mkaliacha jina lake mkamwita Mwalimu Halafu. Riwaya zake aliziandika mapumzikoni, katika madaftari yale yale ya maandalio ya somo, na mwaka 1984 alijisahau akamkabidhi mkaguzi daftari la riwaya, lahaula, mkaguzi akakaa nalo chumba cha walimu mchana kutwa, na alipolirudisha alikuwa amegonga mhuri kila ukurasa, kisha akauliza kwa aibu kama yule mjane alirudi kwao.

Alifunga ndoa tarehe 6 Aprili 1974 na fundi redio, huyu shemeji yangu aliyekaa hapa, ambaye kwa miaka arobaini na minane hakumpandishia sauti isipokuwa ya redio. Gauni la harusi nililishona mimi, mkono mmoja ukawa mrefu kuliko mwenzake, naye akalivaa hivyo hivyo, ndiyo maana katika picha zote amekunja mkono wa kushoto. Walijaliwa mabinti wawili, mwaka 1976 na 1979, mmoja ni mpima ardhi na mwingine dereva wa lori, na ameacha wajukuu watano.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1986, na kwa jumla ameacha kumi na kimoja, lakini kilichompa jina ni cha tatu, cha mwaka 1993, ambacho watoto wenu wamekisoma shuleni. Humo yumo fundi cherehani anayemwacha mama yake mahututi hospitalini, anajificha kibandani kwake, kisha anarudi kuwaambia watu maneno ya mwisho ya mama aliyoyatunga mwenyewe. Kila mmoja wenu aliniona mimi. Tarehe 2 Januari 1994 ukoo ulikutana hapa hapa sebuleni, mama mdogo akasimama, akasema dada ameuza jina la mdogo wake na amechafua kifo cha mama, nami nikainamisha kichwa kama mtu aliyeonewa. Dada alisema ni hadithi tu, imetungwa, nisameheni. Tangu siku hiyo mama mdogo hakuitikia salamu yake, ukoo ukamsahau kwenye harusi na misiba, miaka ishirini na minane.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Novemba 2019, akawa wa kuingia na kutoka hospitali, akalazwa mara ya mwisho tarehe 17 Mei 2022, na akafariki Alhamisi tarehe 2 Juni 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Waandishi wa habari wameniuliza neno lake la mwisho. Safari hii nilikuwepo, nimemshika mkono, dirisha wazi, pazia likijaa upepo polepole na kushuka, mimi mwenyewe sijui kama nilikuwa macho au naota, na ninawaambia kweli kwamba hakusema neno lolote.

Ndugu zangu, yaliyobaki hayamo kwenye karatasi. Ijumaa tarehe 14 Agosti 1981 zamu ya kukaa na mama hospitalini ilikuwa yangu, dada akisimamia mtihani shuleni. Pumzi za mama zilinitisha. Saa saba mchana nilitoka, nikaenda kibandani kwangu, nikaketi nikakanyaga cherehani isiyo na uzi, sindano ikitoboa kitambaa kitupu, nje watu wakipita kama wako nchi nyingine, mpaka saa kumi na moja. Mama alifariki saa tisa na dakika arobaini, peke yake. Nilipofika nyumbani watu walikwisha kujaa, mama mdogo akanishika mabega, akaniuliza dada yake amesema nini, nami nikamjibu, amesema nimewapenda wote sawa. Maneno hayo mliyoyachonga juu ya kaburi niliyatunga mimi, pale pale, nikiwa nimesimama.

Mama mdogo, usiinuke tafadhali, ngoja nimalize. Dada alikuwa mlangoni, chaki kwenye nguo, ametoka kuzungumza na muuguzi, anajua kila kitu. Alilia na sisi, asiseme. Wiki moja baadaye aliniuliza maneno yale niliyatoa wapi, nikasema yalinijia tu, akasema ni mazuri, na kwamba mama angeweza kuyasema. Alikaa nalo miaka kumi na miwili, lilipomlemea akaliandika akaliita hadithi, na mlipomweka kiti moto akaliita hadithi tena, ili mimi nipone.

Dada hakunisingizia. Nilimwacha mama afe peke yake, kisha nikamwacha dada atengwe kwa ajili yangu, na hili la pili nimelifanya kila siku kwa miaka ishirini na minane. Wazee wangu, nawaombeni, kaburi la kwenye uzio lifukiwe, tuchimbe lingine pembeni ya mama. Najua jua linakwenda na wengine mna safari. Mikono yangu imezoea mkasi, lakini majembe yapo, nami nitaanza.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mliopika na kutandika mikeka tangu Alhamisi, walimu wenzake na wanafunzi wake mliokesha nasi, na wachapishaji wake waliogharimia jeneza. Nakushukuru na wewe mama mdogo, kwa kuja, maana ulikuwa umeapa hutakuja.

Dada, utapumzika kwa amani, ila tusubiri kidogo hapa sebuleni, bado hatujachimba.