Kaka Yetu Hakimu na Shauri Alilolimaliza

Marehemu kaka yangu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, katika nyumba ya nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani. Mimi ni mdogo wake, tena wa pekee, kwa hiyo mtanivumilia.

Alisoma shule ya hapahapa, kisha chuo cha sheria. Alikuwa king'ang'anizi balaa: akianza kukusuta, hata ukimwomba radhi, atamaliza kwanza.

Mwaka 1986 aliapishwa kuwa hakimu wa mahakama ya wilaya. Mshahara wake uliwekwa na sheria. Hakuna mkubwa aliyeweza kuukata kwa kumchukia. Lakini sheria hiyohiyo ilimbana. Shauri alilolisikiliza, hukumu aisome mwenyewe, akiwa kitini. Asipoisoma, linaanza upya. Na kila mwisho wa mwezi aape kwamba hana hukumu iliyolala, ndipo alipwe. Mwezi mmoja aligoma kuapa kwa sababu ya kesi ya mbuzi. Wifi yangu, ambaye kaka alimwoa mwaka 1989, alifoka: "Kwa hiyo leo nibandike kiapo jikoni?" Kaka alicheka, lakini hakuapa.

Mwaka huu figo zilimwangusha. Kitandani aliweweseka akimtaja mama mmoja mjane, aliyefukuzwa nyumbani kwake na shemeji yake. Hukumu ilikuwa imeandikwa, haijasomwa, na mashahidi wa yule mama wote walikwishazikwa. Shauri likianza upya, nyumba imekwenda.

Alifariki Jumatatu alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Ulipoa nikiushika. Asubuhi hiyohiyo, kabla hatujampigia simu mtu yeyote wa mahakamani, kaka aliingia mahakamani kwa mlango wake wa hakimu, akaketi, akasoma hukumu, akatia sahihi. Karani alimsalimu, hakuitikia. Yule mama alishinda. Nilimuuliza shemeji mtu kama atakata rufaa. "Dada, yule alisoma kurasa zote bila kuvuta pumzi," akaniambia. "Mimi siendi popote."

Tangu hapo karani akifungua ofisi anamkuta, kakaa tu, anangoja. Kisheria, hakimu hajamaliza shauri mpaka hukumu itekelezwe. Mwili wake ulikuwa chumba cha maiti muda wote huo. Jamani, nimeogopa.

Ameacha mke, watoto wanne, wajukuu watatu, na mimi. Jana shemeji mtu alikabidhi funguo. Yule mama yuko hapa, ameniomba nimsomee marehemu maneno yake:

"Bwana hakimu, nimeingia, nimelala ndani. Inuka sasa, baba, ukapumzike."